Samaki Hakui kwa Kadiri ya Chombo



Wapendwa wasomaji wa tafakari hii, juma hili naomba mniruhusu kuzungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani afya ya samaki wakubwa wa nchi za joto wanaofugwa katika matangi ya kioo majumbani mwetu. Zamani tangi la namna hiyo lilikuwa pambo la hoteli na la ofisi za wakubwa. Siku hizi ukibisha hodi mijini, mara nyingine unakaribishwa sebuleni na taa ya buluu, mapovu ya hewa na samaki wanaopita taratibu kana kwamba hawana shida duniani. Wazazi huwanunulia watoto samaki kuwa zawadi ya Komunyo ya Kwanza au ya kufaulu mtihani. Ni burudani safi, haina kelele, nayo humfundisha mtoto kutazama kwa utulivu. Sina neno nayo.

Hata hivyo, katika kutembelea familia nimeona jambo linalojirudia. Samaki aliyenunuliwa akiwa na urefu wa kidole amekuwa mrefu kupita kiganja na vidole vyake, ila tangi ni lile lile. Amesimama pembeni, mapezi ameyakunja, rangi imefifia, na akitaka kugeuka sharti aguse kioo. Ukiuliza habari zake, jibu ni lile lile pia: “Baba, usiwe na wasiwasi, samaki hukua kwa kadiri ya chombo chake.” Hoja yangu ya leo ni kwamba kauli hiyo si kweli, tena imewaua samaki wengi. Afya ya samaki mkubwa huamuliwa dukani, siku ile anaponunuliwa, kabla hajaingia nyumbani.

Kauli isiyo ya kweli

Tumchukue samaki aitwaye oska, ambaye ni maarufu sana kwa wafugaji. Asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini, hasa bonde la Amazon, naye ni wa jamaa moja na sato na perege tunaowajua sisi. Dukani huuzwa akiwa na sentimita tano hivi, mwenye madoa ya kupendeza na macho yanayomfuata mtu. Akitunzwa vema, katika mwaka wake wa kwanza hufikia sentimita 20 hadi 25, na akikomaa hupita 30. Huweza kuishi miaka kumi na zaidi. Kwa maneno mengine, anayemnunulia mtoto wa darasa la pili oska anajifunga kwa ahadi itakayodumu mpaka mtoto huyo atakapomaliza sekondari.

Tena oska ni mdogo miongoni mwa wakubwa. Yupo kambale mwenye mkia mwekundu, mwenyeji wa mito ya Amazon na Orinoco, anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini ukomavu wake hupita mita moja. Yupo kambale wa mto Mekong huko Asia, anayeuzwa kwa jina la papa kwa sababu ya umbo lake. Huyo naye hupita mita moja. Yupo paku, ndugu yake piranya, ambaye uzito wake hukadiriwa kwa kilo wala si kwa gramu. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu anayefaa sebule ya kawaida. Muuzaji anayewaweka katika tangi dogo na kunyamaza juu ya ukubwa wao wa baadaye hamtendei haki mnunuzi, wala hamtendei haki kiumbe anayemuuza.

Basi kauli ile ilitoka wapi? Ilitoka katika jambo la kweli lililoeleweka vibaya. Samaki aliyewekwa katika maji machache huchelewa kukua. Lakini huchelewa kwa sababu taka zake mwenyewe zimemzunguka, hana nafasi ya kuogelea, na mwili wake hutumia nguvu kuvumilia badala ya kujenga. Mtoto akidumaa kwa utapiamlo, hakuna mzazi mwenye akili timamu anayesema kwamba mtoto amejipima kulingana na chumba anacholala. Tunasema ana njaa, anaumwa. Kwa nini basi tuseme tofauti kwa samaki? Aliyedumaa ni mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujapewa jina, na mara nyingi hufa mapema kuliko umri wake, huku mwenye nyumba akidhani kwamba samaki kwa kawaida hawaishi sana.

Maji ndiyo afya

Ndugu zangu, mbuzi akikosa hewa safi zizini, ukifungua mlango atatoka. Samaki hana mlango. Anakula ndani ya maji, anapumua ndani ya maji, na haja zake zote humalizikia ndani ya maji yale yale. Kwa hiyo anayefuga samaki kwanza anafuga maji. Samaki huyafuata maji yalivyo.

Kinachotokea ni hiki. Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia nyingine. Amonia ni sumu inayounguza matamvua. Mwenyezi Mungu ameweka katika uumbaji bakteria wadogo wanaoibadili amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoibadili nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu, maana huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Samaki huhema juu juu ingawa maji yana hewa. Nitrati ina madhara kidogo zaidi, lakini ikirundikana humdhoofisha samaki siku baada ya siku, nayo kwa kawaida huondolewa kwa kubadilisha maji.

Bakteria hao hawanunuliwi pamoja na tangi. Huota polepole ndani ya chujio na juu ya mawe, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, au zaidi, kabla ya kutosha. Hapa ndipo methali yetu ya haraka haraka haina baraka inapothibitika. Familia hununua tangi Jumamosi asubuhi, hulijaza maji mchana, na jioni samaki watano wamo ndani. Baada ya siku kumi wamekufa watatu, na lawama huangukia dawa, chakula, hata kijicho cha jirani. Lakini kosa ni la kalenda. Tangi lilipaswa kuandaliwa kwanza, likiwekewa chanzo kidogo cha amonia ili bakteria wapate chakula, maji yakapimwa kwa vipimo vya dukani mpaka amonia na nitriti zisionekane tena, ndipo samaki aletwe, mmoja kwanza.

Samaki mkubwa huongeza ukali wa jambo hili, kwa sababu hula sana na kuchafua sana. Oska mmoja aliyekomaa huchafua maji kuliko kundi zima la samaki wadogo wa urembo. Kwa hiyo chujio lake halina budi kuwa kubwa kuliko linaloonekana kutosha, na lisafishwe kwa busara. Wengi huliosha kwa maji ya bomba mpaka ling’ae, bila kujua kwamba klorini iliyo ndani ya maji hayo huwaua bakteria wale wale waliolelewa kwa wiki sita. Sponji za chujio zisuuzwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Zikibaki na rangi ya kahawia, si uchafu wa kuogopa.

Tuhesabu kabla ya kununua

Injili inatukumbusha habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuhesabu.

Kwanza, nafasi. Oska mmoja anahitaji tangi la lita 300 hivi, lenye urefu wa sentimita 120 au zaidi. Tangi la urefu wa sentimita 150, upana wa 60 na kimo cha 60 hubeba lita 540 likijaa. Maji peke yake ni kilo 540. Ukiongeza kioo, mawe na meza, unapita kilo 600. Mzigo huo hauwekwi juu ya kabati la televisheni, wala katika nyumba ya ghorofa bila kumuuliza fundi anayeelewa sakafu. Tangi liwe na mfuniko imara pia, kwa maana samaki wakubwa huruka, na si wachache waliokutwa asubuhi wamekauka sakafuni.

Pili, maji. Kila juma yabadilishwe karibu theluthi moja, na kwa samaki wakubwa hata nusu. Theluthi ya lita 300 ni lita 100, yaani ndoo tano za lita 20. Nusu ni ndoo saba na nusu. Zidisha kwa majuma 52 ya mwaka, kisha jiulize: nani atazibeba? Bomba letu hutoa maji siku ngapi kwa juma? Tunaonunua maji kwa dumu, tunanunua kwa bei gani? Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na ya zamani, na klorini iondolewe kwanza, ama kwa dawa maalumu ya dukani, ama kwa kuyaacha wazi siku nzima yakipulizwa hewa, endapo kilichotiwa ni klorini ya kawaida. Maji machafu yanayotolewa yasimwagwe ovyo. Nitrati inayomdhuru samaki ni mbolea ya mchicha, migomba na miche ya miti. Nyumba yenye tangi na bustani hupata faida mara mbili kwa ndoo moja.

Tatu, hewa na joto. Samaki wengi wa nchi za joto hustawi katika nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Wanaoishi pwani mara nyingi hawahitaji hita. Wanaoishi nyanda za juu, ambako usiku kuna baridi, wanaihitaji. Lakini joto nalo lina deni lake. Maji ya nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba miligramu 7 na nusu hivi. Yaani mchana wa joto kali, wakati mwili wa samaki unadai hewa zaidi, maji yanakuwa na hewa pungufu. Samaki mkubwa ndiye anayeumia upesi.

Nne, umeme. Sisi tunayafahamu makatizo ya umeme. Umeme ukikatika, pampu husimama, hewa hupungua, na bakteria waliomo katika chujio lililofungwa huanza kufa kwa kukosa oksijeni. Anayefuga samaki wakubwa awe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, maji yaliyolala ndani ya chujio yamwagwe kabla ya kuliwasha, maana yamekwisha kuoza na yatarudi tangini kama sumu.

Nikihesabu hayo manne, simkatishi mtu tamaa. Namwomba tu ahesabu kabla ya kununua, maana akishanunua, anayelipa ni samaki.

Mwenyeji wa Tanganyika

Wengine hudhani kwamba samaki wa urembo hutoka ng’ambo tu. Yupo mmoja, aitwaye frontosa, anayetafutwa na wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia, naye asili yake ni Ziwa Tanganyika, wala haonekani kwa asili mahali pengine popote. Ana mistari myeusi ya wima juu ya mwili mweupe wenye ubuluu, na paji lake hutoa nundu inayokua kadiri umri unavyosonga. Dume hufikia sentimita 30 na zaidi. Mama huyatunza mayai na watoto wake kinywani kwa wiki kadhaa. Akitunzwa vema huweza kupita miaka 20. Ziwani mle mle yupo pia kuhe, ambaye wakazi wa Kigoma wanamfahamu zaidi sokoni kuliko katika kioo. Huyo hukaribia mita moja, naye ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika jamaa ya sato duniani.

Frontosa anatufundisha jambo muhimu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Maji yake yana madini mengi, na kipimo chake cha pH hukaribia 9, ilhali mito mingi ya Amazon ina maji laini yenye asidi kidogo. Kwa hiyo kumweka frontosa na oska katika tangi moja kwa sababu wote ni wakubwa na wote wanapendeza ni sawa na kumlisha ng’ombe na paka sahani moja. Isitoshe, kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa kali: katika maji ya pH 8, sehemu ya amonia iliyo sumu hasa ni karibu mara kumi ya ile iliyomo katika maji ya pH 7. Uchafu ambao oska angeuvumilia kwa siku mbili katika maji yake, frontosa huweza kufa nao katika maji yake.

Tena frontosa haishi peke yake. Ni samaki wa kundi, mpole katika mwendo, aliyezoea kina na mwanga hafifu. Kundi dogo lahitaji lita 500 au zaidi, mapango ya mawe, na nyumba isiyo na watoto wanaopigapiga kioo kwa vidole. Ukiona frontosa mmoja katika tangi dogo lenye taa kali, fahamu kwamba anaishi kinyume cha yote aliyozaliwa nayo.

Chakula na maradhi

Nisiseme mengi hapa, maana anayelinda maji amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya tiba. Samaki mkubwa aliyekomaa hutosheka kwa mlo mmoja kwa siku, na siku moja ya kufunga kila juma haimdhuru. Apewe chakula cha punje kilichotengenezwa kwa aina yake, pamoja na vipande vya samaki, kamba au minyoo ya ardhini. Nyama ya ng’ombe na ya kuku, ambayo wafugaji wa zamani waliipenda, ina mafuta ambayo mwili wa samaki hauyamudu vema. Kumtupia samaki wadogo walio hai ili watoto waone akiwafukuza ni tamasha linalouzwa kwa bei ya maradhi, kwa kuwa samaki hao huleta vimelea.

Dalili za ugonjwa ni chache za kukumbuka: kuhema haraka, mapezi yaliyokunjwa, kujisugua kwenye mawe, kukataa chakula, na vidoadoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi. Oska na jamaa zake hupata pia vishimo vidogo kichwani, ambavyo huhusishwa na maji mabaya, lishe duni na vimelea. Jambo la kwanza si kukimbilia dawa, bali kupima maji. Na samaki mgeni asiingizwe moja kwa moja katika tangi la wenyeji. Akae peke yake wiki nne hivi. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote, nao hawakuwa na tangi la kioo.

Wanaosema “ni samaki tu”

Najua wapo watakaonijibu: Baba, ni samaki tu, tunawala kila Ijumaa, leo unatuambia tuwahurumie? Hoja hiyo yastahili jibu la heshima.

Kumla samaki ni jambo moja. Kumtesa miaka mitano kwa ajili ya kupendezesha sebule ni jambo lingine. Mvuvi humtoa samaki majini kwa ajili ya riziki ya watu. Tangi finyu halimlishi mtu yeyote. Kuhusu swali kama samaki huumia, mwaka 2003 mwanasayansi Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba samaki aina ya trauti ana mishipa ya fahamu inayotambua madhara, na kwamba mwenendo wake hubadilika anapodhuriwa. Wapo wanaoendelea kubishana kama hisia hiyo ni sawa na maumivu yetu. Lakini anayebishana asisubiri mwisho wa ubishi ndipo abadilishe maji.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika vifungu vya 2416 hadi 2418, inaweka mambo mawili pamoja, na sisi hupenda kuchukua moja na kuacha lingine. Inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawiwa kuwatendea wema, na kwamba kuwatesa bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu mwenyewe. Papo hapo inafundisha kwamba haifai kuwatumia wanyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuondoa taabu ya watu. Kwa hiyo padre anayewaambia waamini watumie zaidi kwa ajili ya samaki ana wajibu wa kusema pia: ikiwa ndoo saba za maji kila juma zinapatikana kwa kumpunguzia jirani au mfanyakazi wa ndani haki yake, tangi hilo lisiwepo. Na ikiwa mtumishi huyo ndiye anayebeba ndoo zote huku mwenye tangi akipokea sifa za wageni, basi hapo tuna deni kwa wawili, samaki na mtu.

Vilevile wapo wanaomnunua arowana wa Asia, samaki mrefu mwenye magamba makubwa, kwa imani kwamba anafanana na joka na huvuta utajiri. Samaki huyo yumo katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi ya mkataba wa kimataifa wa CITES tangu mwaka 1975, na biashara halali ni ya wale waliozalishwa katika mashamba yaliyosajiliwa. Kiumbe anayekaribia mita moja, aliyefungwa sebuleni ili alete bahati, hawezi kumpa mtu asichokuwa nacho. Bahati anayoihitaji ni ya kwake: maji safi na nafasi ya kugeuka.

Mtoni si mahali pake

Je, afanye nini mtu ambaye tayari ana samaki aliyemzidi? Wengi, kwa huruma isiyo na maarifa, humpeleka mtoni au ziwani na kumwachilia. Tafadhali, jambo hilo lisifanyike kamwe. Huko Florida, Marekani, oska sasa wanazaliana katika maeneo oevu ya Everglades, mbali mno na Amazon. Nasi tuna somo letu la nyumbani. Sangara hakutoka katika tangi la mtu, bali alipandikizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na ya 1960. Hata hivyo tumeona mgeni mmoja mkubwa anavyoweza kubadili ziwa zima. Aina nyingi za furu zilipungua au kutoweka, ingawa kuchafuka kwa maji nako kulichangia. Aliyeachiliwa mtoni huweza kufa kwa njaa, kueneza maradhi, au kushinda wenyeji. Hakuna njia ya nne.

Njia za haki zipo. Arudishwe dukani, hata bila kudai fedha. Atafutiwe mfugaji mwenye tangi au bwawa kubwa lililozungushiwa. Ikishindikana kabisa, na samaki anateseka, daktari wa mifugo aombwe ushauri wa kumaliza mateso yake bila ukatili. Mafuta ya karafuu, ya zao lile lile la Unguja na Pemba, hutumika kuwalaza samaki usingizi, lakini kwa kipimo cha anayejua.

Na kwa ambaye bado hajanunua, ushauri wangu ni mwepesi. Ukiwa na nafasi ya tangi la lita 60, chagua samaki wadogo ambao hubaki wadogo. Mtoto atajifunza yale yale: kupima, kusubiri, kubeba ndoo, na kutambua kwamba kiumbe kinamtegemea yeye. Ukimtamani mkubwa, usiulize kwanza bei yake. Uliza atakuwa na urefu gani akikomaa, ataishi miaka mingapi, na maji ya namna gani ndiyo ya kwao. Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo matatu, muage kwa adabu na uondoke na fedha zako.

Mwaka 2015 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alituandikia waraka wa Laudato Si’ juu ya kuitunza nyumba yetu ya pamoja. Wengi tulipousikia tulifikiria misitu, bahari na viwanda, na ndivyo ilivyo haki. Lakini ipo sehemu ndogo ya nyumba hiyo ambayo tumeizungushia kioo sisi wenyewe, tukaiwekea taa, tukashika funguo zote: maji, hewa, chakula, joto na nafasi. Humo hatuwezi kumlaumu serikali wala jirani. Basi kabla ya Jumapili ijayo, mwenye tangi nyumbani achukue futi, ampime samaki wake, alipime na tangi, kisha aseme ukweli mbele ya watoto wake juu ya kile alichokiona.

Nawatakieni juma jema lenye amani.

Paroko wenu